Mizizi bila homoni ya dukani: mwongozo kwa maabara ndogo ya tishu kalcha

Kijana mmoja anayeendesha maabara ndogo ya migomba alinipigia simu jioni. "Shikamoo mwalimu. IBA imeisha wiki ya pili sasa, mzigo mwingine haujafika. Nimeweka maji ya dafu kama nilivyosoma, lakini chupa zinazaa tu. Machipukizi yanaongezeka, mzizi hata uzi sioni."

"Marahaba," nikamjibu. "Chupa zako hazina kosa. Umezipa chakula cha kuzaa, zimezaa."

Mwongozo huu ni wa mtu kama yeye. Una chumba kimoja kisafi, presha kuka au otoklevu, kabineti ya hewa safi (hata ile aliyokutengenezea fundi wa mtaani), na machipukizi yaliyofikia hatua ya kutoa mizizi. Homoni ya dukani huna, au hutaki kuitumia. Mifano yangu mingi ni ya mgomba, kwa sababu ndio mmea wa chupa unaofahamika zaidi kwetu, na kwa sababu humvumilia anayejifunza.

Nitoe msimamo wangu mapema: kwa mgomba, mbadala bora wa homoni ya mizizi si dafu, si mshubiri wala asali. Ni kutoweka homoni yoyote. Juisi za mimea zina nafasi yake, na nitakuonyesha jinsi ya kuzipima kabla hujapoteza chupa hata moja, lakini zinakuja nafasi ya pili.

NANI ANAAMURU MZIZI UTOKE

Ndani ya mmea kuna makundi mawili ya homoni yanayovutana. Oksini hutengenezwa zaidi kwenye majani machanga na ncha ya chipukizi, kisha huteremka kwenye shina. Inapojikusanya kwenye kitako kilichokatwa, seli za pale huanza kujipanga kuwa mzizi. Sitokinini huvuta upande wa pili: huamsha vichipukizi na kuzuia mizizi. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller walionyesha kwa tishu za tumbaku kwamba kinachoamua ni uwiano wa hayo mawili. Oksini ikizidi, mizizi hutoka. Sitokinini ikizidi, hutoka machipukizi. Zikikaribiana, unapata donge la seli lisilo na umbo. Miaka mitano baadaye, 1962, Skoog huyo huyo na Toshio Murashige walitangaza midia tunayoiita MS, ambayo bila shaka ipo kwenye rafu yako sasa hivi.

Oksini kuu ya asili ni IAA. Ile ya dukani kwa kawaida ni IBA au NAA. Kwa miaka mingi IBA ilihesabiwa kuwa kitu cha kiwandani tu, mpaka ilipoonekana ndani ya mahindi, njegere na mimea mingine. Kwa hiyo mpaka kati ya "asilia" na "ya kiwandani" si ukuta wa mawe, ni ua wa makuti. Anayekwambia juisi haina kemikali hajui anachokisema: molekuli ya IAA ni ile ile, itoke kwenye jani au kwenye kichupa cha maabara.

Kutokana na hayo, shika mambo matatu. Chipukizi lenye majani mawili au matatu tayari lina kiwanda chake cha oksini. Mara nyingi kinacholizuia kutoa mizizi ni mabaki ya sitokinini (BAP) uliyoitumia wakati wa kuzalisha. Na juisi ya mmea wowote ni mchanganyiko wa makundi yote mawili, pamoja na sukari, chumvi na vitu vingine usivyovijua, kwa vipimo vinavyobadilika kila unapochuma.

KISANDUKU: Hesabu kabla ya kulalamikia bei
Kipimo cha kawaida cha IBA kwa mimea mingi laini ni karibu miligramu 1 kwa lita. Gramu moja basi inatosha lita 1,000 za midia. Ukiweka mililita 40 kwa kila chupa, lita moja inatoa chupa 25, na gramu ile moja inatoa chupa 25,000. Tatizo la IBA mara nyingi si bei. Ni kusubiri mzigo, kulazimishwa kununua kiasi usichokihitaji, na friji inayozimika umeme ukikatika. Jiulize ni lipi kati ya hayo linalokusumbua wewe, ndipo utajua kama juisi itakusaidia.

HATUA YA KWANZA: JARIBU BILA KITU

Kwa lita moja ya midia ya mizizi ya mgomba:

– Chumvi za MS kwa nusu ya kipimo
– Vitamini za MS, kipimo kamili
– Sukari gramu 20 hadi 30 (sukari nyeupe ya mezani inatosha)
– Mkaa wa maabara gramu 1 hadi 2
– Agari gramu 7 hadi 8
– pH 5.8
– Homoni: hakuna

Mkaa ninaousema ni ule unga mweusi laini unaouzwa na wauzaji wa vifaa vya maabara, uliochakatwa ili uwe na vitundu vingi vya kunasia vitu. Mkaa wa jikoni uliotwangwa haufai. Una majivu yatakayopandisha pH. Kazi ya mkaa ni tatu: unaleta giza linalopendwa na mizizi, unanasa ule weusi unaotoka kwenye kidonda cha mgomba, na unanasa mabaki ya BAP. Nusu ya chumvi nayo ina sababu: chumvi nyingi, hasa za naitrojeni, hukuza majani na kuchelewesha mizizi.

1. Chagua machipukizi ya sentimita 3 hadi 5 yenye majani mawili au matatu. Madogo zaidi yarudishe kwenye kuzalisha. Usiyaonee huruma; yakija huku hukaa wiki tatu bila kufanya lolote.

2. Yatenganishe moja moja. Kata sehemu nyeusi ya kitako, lakini usichonge mpaka ukafika kwenye moyo mweupe. Mizizi itatoka kwenye kitako hicho hicho unachokinyoa.

3. Kama mmea umekaa muda mrefu kwenye BAP nyingi (mgomba huzalishwa mara nyingi kwa miligramu 2.5 hadi 5 kwa lita), pitisha kwanza mzunguko mmoja kwenye midia isiyo na homoni. Sisi tunaita kuachisha, kama mtoto na ziwa.

4. Unapomimina midia kwenye chupa, tikisa chombo kila baada ya chupa chache. Mkaa hutuama, usipotikisa, chupa za mwanzo zitakuwa za kijivu na za mwisho zitakuwa tope.

5. Simika chipukizi kina cha sentimita moja, lisimame lenyewe bila kuegemea jirani.

6. Weka kwenye joto la nyuzi 25 hadi 28, mwanga saa 16 kwa siku. Wiki ya kwanza usiguse.

Wiki ya pili unapaswa kuona ncha nyeupe zikitoboa kitako. Wiki ya tatu au ya nne mche uko tayari kutoka. Yule kijana wa simu alifanya hivi hivi, na wiki ya tatu akanitumia picha: mizizi myeupe imesukwa juu ya midia nyeusi kama nywele za bibi. Madafu yaliyobaki, alisema, wameyanywa.

Mgomba hauko peke yake. Pingili za viazi vitamu na viazi mviringo hutoa mizizi kwenye MS isiyo na homoni yoyote. Stroberi kadhalika. Mihogo mingi inakubali pia, ingawa aina hutofautiana.

Tahadhari: usichanganye mkaa na juisi, wala mkaa na homoni, ndani ya chupa moja. Mkaa hauchagui. Utanasa oksini yako yote, nawe utasema juisi haifanyi kazi.

NINI KIMO NDANI YA KAPU

Kama mmea wako haukutoa mizizi hata baada ya kuachishwa, au ni aina ngumu kidogo, ndipo unapoangalia juisi. Hapa kuna imani nyingi kuliko vipimo, kwa hiyo nitasema wazi kipi ni kipi.

Maji ya dafu. Yana historia ndefu kuliko MS yenyewe: mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake waliyatumia kukuza viini vichanga vya datura, na mpaka leo wakuzaji wa okidi wanayapenda. Lakini sifa yake inatokana zaidi na sitokinini, ikiwemo zeatini. Ni chakula cha kuzalisha. Mililita 100 hadi 150 kwa lita, hatua ya kuzalisha, ndiyo sehemu yake halali. Ukiyapeleka kwenye mizizi yatakufanyia yale yaliyompata kijana wangu.

Majani ya mlonge. Yako kundi hilo hilo la zeatini. Mazuri kwa kunyunyizia bustani, si kwa mizizi ya chupani.

Choroko na mahindi yaliyoota. Hapa ndipo penye oksini. Mbegu inayoota iko kwenye kazi ya kusukuma mzizi chini, na juisi ya vichipukizi vyake ina oksini ya kweli. Ukiniuliza nianzie wapi, nitakwambia choroko: ni rahisi, zinapatikana kila duka, huota baada ya siku mbili.

Ndizi mbivu iliyopondwa. Inatumika sana kwenye midia ya okidi, gramu 50 hadi 100 kwa lita, na miche huwa minene yenye mizizi mizuri. Sehemu ya faida hiyo ni sukari na potasiamu, si homoni peke yake. Huharibu uangavu wa midia, hivyo ukungu ukianza chini hutauona.

Mshubiri. Utomvu wake unasaidia vipandikizi vya bustanini na una nafasi wakati wa kuhamishia miche nje. Ndani ya chupa sijawahi kuuona ukishinda chupa tupu.

Asali na mdalasini. Si homoni. Asali ni sukari yenye uwezo wa kuzuia vijidudu. Mdalasini ni dawa ya ukungu. Anayekuuzia mdalasini kama homoni ya mizizi anakuuzia kiungo cha pilau.

Mwani. Vimiminika vya mwani vilivyojipatia jina katika kuotesha mizizi hutokana na mwani mkubwa wa kahawia, kama Ecklonia maxima wa bahari baridi za Afrika Kusini. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba, spinosum na cottonii, ni mwekundu, na huuzwa kwa ajili ya utomvu mzito unaotumika viwandani. Huko India wanakamua maji ya jamii hiyo ya mwani mwekundu na kuyatumia shambani, kwa hiyo si kitu cha kudharau, lakini usichukue kipimo cha lebo ya mwani mmoja ukakitumia kwa mwingine.

Bakteria. Azospirillum na baadhi ya Bacillus hutengeneza IAA wao wenyewe na kuulisha mzizi. Kamwe wasiingie chupani. Midia yenye sukari ni karamu kwao. Subiri mche utoke.

PIMA JUISI KWA CHOROKO KWANZA

Sehemu hii ndiyo ninayotaka uisome mara mbili. Watu wengi hutengeneza juisi, huimimina kwenye lita tano za midia, husubiri mwezi, kisha huhukumu kwa macho. Mwezi ni mrefu. Wanasayansi wa zamani walikuwa na njia ya wiki moja ya kupima kama kitu kinaamsha mizizi, nayo hutumia miche ya choroko. Haihitaji hata kabineti.

Kutengeneza juisi:

1. Osha choroko gramu 100, ziloweke usiku kucha, kisha zioteshe kwenye kitambaa chenye unyevu, gizani, siku mbili hadi tatu. Vimizizi vifikie sentimita 2 hadi 3. Zikinuka, tupa uanze upya.

2. Pima gramu 100 za choroko zilizoota. Saga kwenye blenda pamoja na mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, ya baridi. Saga kwa vipindi vifupi. Blenda ikipata moto inaipika juisi.

3. Chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Acha kwenye friji saa moja ituame, kisha mimina taratibu maji ya juu na kuyapitisha kwenye karatasi ya kuchujia.

4. Itumie siku hiyo hiyo. Isiyotumika igandishe kwenye vichupa vidogo vya kipimo cha mara moja. Usigandishe na kuyeyusha tena na tena, na ikae gizani: IAA huharibiwa na mwanga.

Kupima:

1. Siku kumi kabla, panda choroko kwenye mchanga safi, dirishani penye mwanga. Zinakuwa tayari majani mawili ya kwanza yanapofunguka vizuri. Pwani zinawahi, Njombe utasubiri zaidi.

2. Kwa wembe mkali, kata kila mche sentimita 3 hadi 4 chini ya mahali zilipokuwa ghalambegu, vile vipande viwili vinene vya mbegu. Mizizi yote iondoke. Chagua miche inayolingana. Mmoja mnene na mmoja mwembamba utakudanganya.

3. Andaa glasi nne. Ya kwanza maji matupu. Ya pili juisi kipimo kimoja kwa maji 50. Ya tatu juisi kipimo kimoja kwa maji 10. Ya nne, kama umebakiwa na chembe ya IBA, weka miligramu 5 kwa lita. Kumbuka unga wa IBA hauyeyuki kwenye maji matupu. Uyeyushe kwanza kwa matone machache ya spiriti au ya sodiamu haidroksaidi.

4. Weka miche kumi kila glasi, vitako vizame sentimita mbili hadi tatu. Acha saa 24.

5. Suuza vitako, hamishia yote kwenye glasi za maji safi. Badilisha maji kila siku.

6. Siku ya saba, hesabu mizizi ya kila mche, moja moja. Andika.

Sasa kusoma majibu. Choroko hutoa mizizi hata kwenye maji matupu, kwa hiyo swali si kama mizizi imetoka. Swali ni mingapi, na imetokea wapi. Kwenye maji matupu utaona michache, mara nyingi imepangana kwa mistari karibu na kitako. Kwenye oksini ya kutosha hutoka mingi na hupanda juu ya shina, ukipapasa unahisi vipele. Kama glasi ya juisi haikuzidi glasi ya maji kwa tofauti unayoweza kuiona bila darubini, juisi hiyo haina cha kukusaidia chupani. Kama glasi ya kipimo kikali imeoza au imegeuka ya kahawia, juisi ni kali mno au imechacha: ipunguze, au tengeneza nyingine.

Niliwahi kuruka hatua hii. Nilikuwa na haraka ya mzigo wa miche, nikaamini juisi iliyokuwa imelala kwenye friji siku nne. Rafu nzima iligeuka rangi ya chai. Hasara ile ndiyo iliyonifundisha glasi nne.

KUIINGIZA CHUPANI

Juisi ikifaulu mtihani wa choroko, endelea hivi:

1. Tengeneza midia ile ile ya nusu MS, bila mkaa. Igawe mafungu manne: bila juisi, juisi mililita 25 kwa lita, mililita 50, na mililita 100. Fungu la bila juisi si la hiari. Bila hilo hutajua kama juisi imesaidia au mmea umejisaidia.

2. Punguza sukari kidogo kwenye fungu la juisi nyingi, hasa ikiwa unatumia kitu kitamu kama ndizi mbivu.

3. Pima pH baada ya kuweka juisi, si kabla. Juisi nyingi zina uchachu. Midia ikishuka chini ya 5 kisha ikapikwa, agari haitaganda, utapata uji.

4. Pika kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 kama chupa ni ndogo. Presha ya pauni 15 hutoa joto hilo usawa wa bahari. Ukiwa Arusha, karibu mita 1,400 juu, au Nairobi iliyo juu zaidi, geji ikisoma 15 joto la ndani liko chini kidogo. Ongeza dakika tano. Wengi wanaosema juisi inaleta ukungu hawakuipika ikaiva.

5. Moto unakula sehemu ya IAA. Kama una kichujio cha sirinji cha mikromita 0.22, pika midia peke yake, iache ipoe mpaka uweze kuishika kwa mkono, kisha ongeza juisi kupitia kichujio ndani ya kabineti. Juisi isiyotuama vizuri itaziba kichujio kwa tone la tatu. Kama huna kichujio, pika pamoja, na ukubali kwamba kipimo chako kitahitaji kuwa juu zaidi.

6. Chupa kumi kila fungu, zikiwa na machipukizi ya umri mmoja kutoka ukoo mmoja. Andika kwenye kila chupa tarehe, fungu, na siku juisi ilipotengenezwa.

7. Wiki ya pili, ya tatu na ya nne, hesabu miche yenye mizizi, idadi ya mizizi, na urefu wa ule mrefu kuliko yote. Angalia pia kitako: kikivimba donge badala ya kutoa mzizi, oksini imezidi.

ACHA MZIZI UTOKEE NJE

Kuna njia ambayo maabara ndogo huisahau: kutoa chipukizi kabla halijawa na mizizi, likamalizia kitaluni. Kwa mgomba, na mimea mingi laini, inawezekana, na unaokoa mzunguko mzima wa midia. Huku ndiko mshubiri, kimiminika cha mwani na bakteria vinakopata kazi halali, kwa sababu usafi wa chupa hauhitajiki tena.

1. Toa chipukizi, osha agari yote kwa maji vuguvugu. Agari iliyobaki ina sukari, na sukari huita ukungu.

2. Chovya kitako kwenye kimiminika cha mwani kwa kipimo cha lebo, au paka utomvu mbichi wa mshubiri. Usiache kikae ndani saa nzima.

3. Panda kwenye vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi, au pumba za mpunga zilizounguzwa zikichanganywa na udongo wa msitu uliopikwa kwa mvuke.

4. Funika kwa nailoni angavu ndani ya kivuli kizito. Unyevu uwe wa kutoa jasho kwenye nailoni wiki ya kwanza na ya pili. Jani la chupani halina nta ya kutosha. Likipigwa na upepo dakika kumi linanyauka.

5. Kuanzia wiki ya tatu fungua nailoni kidogo kidogo. Mizizi ikishaonekana ndipo umwagilie bakteria.

6. Baada ya wiki nne hadi sita mche unapaswa kusimama bila kifuniko.

KISANDUKU: Makosa ninayokutana nayo kila mara
– Kutia unga wa kuoteshea vipandikizi, ule wa maduka ya pembejeo, ndani ya midia. Umechanganywa na ulanga, na aghalabu dawa ya ukungu. Ni wa kitaluni tu.
– Kubadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja, kisha kusifu juisi.
– Kununua dafu au mbegu sehemu tofauti kila wiki na kutegemea matokeo yale yale.
– Kudhani juisi inaondoa virusi. Kama mmea mama unaumwa, watoto wote wanaumwa, na mizizi yao mizuri.
– Kuuza miche ya majaribio. Miche ya kuuza ina taratibu zake za ukaguzi, TOSCI kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya. Jaribio libaki jaribio.

Kwa parachichi na miti mingi ya matunda, usipoteze muda na jikoni. Parachichi linasumbua hata maabara kubwa zenye kila homoni, na mkulima atapata mche mzuri kwa kubebesha.

ORODHA YA KUTIKI KABLA HUJAANZA

☐ Machipukizi yameachishwa BAP walau mzunguko mmoja
☐ Nimejaribu nusu MS na mkaa, bila homoni
☐ Juisi imepimwa kwa choroko, ikazidi maji matupu
☐ Hakuna mkaa kwenye chupa zenye juisi
☐ pH imepimwa baada ya juisi kuingia
☐ Fungu la bila juisi lipo, lina idadi sawa na mengine
☐ Daftari lina tarehe, chanzo cha mbegu na kipimo

Rudia jaribio mara tatu, kwa juisi iliyotengenezwa upya kila mara. Ikishinda chupa tupu mara zote tatu, umepata kitu. Andika kipimo chake ukutani. Ikishindwa hata mara mbili, nunua gramu moja ya IBA, itunze kwenye friji, uendelee na kazi.